Kazi za Mikono Isiyosikia Moto

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana ukoma, akarudi nyumbani akakaa akitazama ukuta. Habari za dawa utapewa na wenye dawa. Mimi nitakueleza jinsi nilivyoishi kati ya dozi moja na nyingine, maana siku zile ni ndefu na hakuna mtu anayekuandaa kwa ajili yake. Wengi husimulia ugonjwa wao kana kwamba walilia usiku na mchana mpaka Mungu akawasikia. Mimi sikulia. Kwa muda mrefu sikuwa na huzuni wala hofu wala kitu chochote, na kama nawe uko hivyo, usidhani umekuwa mtu mbaya.

Mimi ni Mbena, nilizaliwa na kuolewa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Njombe mjini. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, ndiyo maana najua kuandika, ingawa sasa kalamu naishika kwa vidole vitatu. Mume wangu Yohana alikwenda manamba. Vijana wengi wa kwetu walikwenda hivyo: walitembea hadi Makambako, wakapandishwa malori, wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na aliyejaliwa alirudi mkataba ulipokwisha akiwa na blanketi na sanduku la bati. Aliniacha na mama yake, na mtoto wetu Neema ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Sifa yangu ilikuwa upishi. Kwetu mtu akitaka kulimiwa shamba huita mgowe. Majirani wanakuja na majembe yao, na mwenye shamba anawapikia. Mwanamke anayepika kwenye mgowe hutazamwa na wanawake wote wa kijiji, anavyochochea moto, anavyosonga, hata anavyofunga kitambaa chake. Msimu ule wa kupanda nilianza kuepua vyungu kwa mikono mitupu, bila kushikia maganda ya mahindi, na uso sikuukunja. Wanawake wakanisifu kwamba nina mikono ya mabibi wa zamani. Mamamkwe akatembea kifua mbele wiki nzima. Nami nikaringa, nikawa naepua hata chungu ambacho hakijaiva ili tu nionekane. Watu wa mahali pengine labda wangeshtuka, lakini sisi tulisifu, na mimi mwenyewe ndiye niliyesifu kuliko wote.

Siku moja, kwenye mgowe wa jirani, nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma. Niliudhika. Nilidhani kuna watu wamechinja na hawakumwita mpishi, nikawa nageuka huku na huku nikitafuta nyama iko wapi. Mwanamke mmoja akanishika kifundo cha mkono akauinua. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimelala juu ya kaa la moto. Nilikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Mamamkwe alinipeleka zahanati Njombe. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua inanyesha kila siku, na benchi la kungojea lilikuwa chini ya upenu unaovuja. Tulikaa pale tangu asubuhi. Kila mtu aliyekuja kukaa alikiona kidole changu, kisha madoa shavuni mwangu, kisha akakumbuka kwamba anapenda kusimama. Hadi saa sita benchi lote lilikuwa letu wawili. Mamamkwe hakusogea. Alikuwa amembeba Neema mgongoni na bega lake liligusa bega langu mpaka tulipoitwa. Kwa jambo hilo namshukuru hata leo, japokuwa mengine yalifuata.

Dresa alinifunga macho kwa kitambaa, akaniambia kila atakaponigusa na pini nionyeshe mahali aliponigusa. Nikakaa nikingoja aanze. Alipofungua kitambaa alikuwa amekwisha maliza.

Nikaambiwa niende kwenye kambi ya ukoma, ng'ambo ya Makambako, na mtoto abaki. Neema alikuwa bado ananyonya. Njiani kurudi nyumbani mamamkwe alitembea mbele. Tulipofika mtoni akasimama akanigeukia. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Ukipona utamkuta," alisema. "Usipopona nitamlea awe wangu, wala sitamfundisha kukuulizia."

Nilimwelewa. Hakuwa na chuki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kulea na hakutaka alelewe kwa kungoja. Tangu siku ile jambo nililolipigania lilikuwa hilo moja tu, nirudi kabla mtoto hajawa wa mtu mwingine, ingawa nilipofika kambini hata hilo nililisahau kwa muda.

Makambako wakati ule palikuwa njia panda tu. Barabara ya Iringa na Mbeya ilikutana pale na barabara inayotoka kwetu, palikuwa na maduka machache ya bati, vumbi au tope kutegemea msimu, na malori. Nilikaa pale siku nzima nikisubiri lori litakalokubali kunichukua. Mama mmoja muuza viazi vya kuchemsha aliniona tangu asubuhi. Alasiri akaweka viazi vitatu juu ya jani, akaliweka jani chini hatua mbili kutoka nilipokaa, akarudi kwenye biashara yake. Niliviokota nikala. Sikuona aibu wala sikushukuru. Jioni ikapatikana lori lililobeba magome ya miwati ya kutengenezea ngozi, nikapanda juu ya mzigo.

Kambini nilipewa nafasi katika nyumba ya wanawake wanne. Siku nne za kwanza matiti yalijaa, yakawa magumu kama mawe, na hayo maumivu niliyasikia sawasawa. Nilikamulia nje, nyuma ya nyumba, nikafukia kwa mguu. Siku ya tano maziwa yakapungua, ya nane yakakauka. Baada ya hapo nikalala nikaelekea ukutani.

Alhamisi ilikuwa siku ya sindano. Tulipanga mstari mbele ya chumba cha sista, mwanamke wa Kizungu mpole ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Biblia, na tulidungwa mafuta ya dawa matakoni. Sindano ile haikuwa na utani, na wengi walichechemea hadi Jumamosi. Mimi nilifurahia Alhamisi, kama neno ni kufurahia, kwa sababu ilinitoa kitandani. Siku nyingine sita sikuwa na sababu ya kuamka. Nilipofikiri juu ya Neema niliona mtoto, nguo yake, uji mdomoni mwake, lakini moyoni hapakuwa na kitu. Hilo lilinitisha kidogo, kisha hata kutishika kukapotea.

Katika nyumba yetu alikuwapo Mama Yustina, Mkinga kutoka Ipelele, aliyekuwa kambini miaka mingi. Vidole vyake vilikuwa vimefupika, vimebaki nusu nusu, na kwa nusu hizo alifanya kazi kuliko mimi niliyekuwa na vidole vyote. Kikinga sikukijua naye Kibena hakukijua, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na chake kilikuwa kifupi kama vidole vyake. Wiki ya pili au ya tatu alikuja akaweka ungo wa maharage miguuni pangu. Akaniambia nichague, mekundu huku, ya njano huku, meusi huku, na takataka pembeni. Nilimwambia siwezi, vidole havisikii punje. Akasema macho ninayo.

Nikachagua. Ukiwa husikii kwa vidole, kuchagua maharage ni kazi ya kutazama tu. Unaona vidole vimekutana, unaona punje imo katikati, unainua, unatazama kama imeinuka au imebaki. Kama imebaki unarudia. Ilinichukua siku nzima. Kesho yake alileta ungo mwingine. Keshokutwa mwingine. Sikuuliza maharage ya nani wala yanakwenda wapi. Wakati wa kuchagua sikuwa na furaha, lakini kichwani hapakuwa na ukuta, palikuwa na punje. Mvua zikaisha, ikaingia baridi ya mwezi wa sita, asubuhi majani meupe kwa jalidi, nami bado nachagua, blanketi begani.

Katika maharage yale palikuwa na nusu ya kifungo cha shati, cha bluu. Nilikitupa kwenye takataka. Siku chache baadaye nikakikuta tena, nikadhani shati lilikuwa na vifungo vingi vilivyovunjika. Mara ya tatu nilikikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, nikakiwekea alama, nikakitupa kwenye takataka kama kawaida. Asubuhi iliyofuata kikanitazama kutoka katikati ya ungo, na alama yake.

Nilimwuliza Mama Yustina. Hakuona haya hata kidogo.

"Ni yale yale," alisema. "Maharage ya kambi tulikwisha kula tangu mwezi wa tano. Hayo ni yako. Ukimaliza nayachanganya."

Nikapandwa na hasira. Niliinua ungo nikaurusha, maharage yakatapakaa uwanjani, nikamwita majina ambayo mke wa Mkristo hatakiwi kuyajua. Miezi yote ile mikono yangu, macho yangu, mgongo wangu, kumbe nachezewa kama mtoto. Mama Yustina alisimama akinitazama kwa makini, kama mtu anayetazama maji yanavyoanza kuchemka. Kisha kuku wakaja. Nikapiga magoti nikaanza kuokota kabla hawajayamaliza, bado namtukana, na nilipoinua kichwa ungo ulikuwa umejaa na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

"Leo umekuwa mwepesi," alisema, akaenda zake.

Baadaye aliniambia kwamba yeye alipofika walimpa kuni azihamishe kutoka upande huu wa nyumba kwenda upande ule, na siku ya pili azirudishe. Alichukua mwaka mzima kabla hajamtukana mtu. Alisema mimi nilikuwa na haraka.

Sikukuelezea haya ili nawe utafute maharage. Nakueleza ujue kwamba hasira ilikuja kwanza, kabla ya kitu kingine chochote kizuri, na ilikuja kwa njia ya kazi ndogo isiyo na maana. Baada ya siku ile niliacha kungoja nijisikie vizuri ndipo nifanye kazi. Nililima bustani ya njegere, mpini wa jembe nimeuzungushia kitambaa kinene. Nilijifunza kupima maji kwa kiwiko, kuweka mwiko mrefu, kuvaa viatu vya mpira wa gari hata ndani ya nyumba. Nilisuka vikapu vya milulu, nyasi za bondeni, na milulu ile inakata, kwa hiyo kila mstari nilisimama nikatazama vidole. Kila jioni mimi na Mama Yustina tulikaa nje tukatazamana, yeye akikagua nyayo zangu na viganja vyangu, mimi vyake, tukitafuta jeraha ambalo mwenyewe hajui kwamba analo. Siku moja nilimkuta na mwiba urefu wa kiberiti kisiginoni, amelima nao tangu asubuhi. Tulicheka. Hakuna mwingine ambaye angecheka.

Mwaka wa pili sindano zikaachwa, vikaja vidonge vyeupe. Msimu ule wa mvua mwili ulichafuka. Uso ulivimba, masikio yakawa mazito, nyusi zikaondoka zote mbili, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikakunjika vikakataa kunyooka. Sista alisema mwili unapigana. Sikuwa na kioo na sikutafuta. Nililala wiki sita na homa, na wiki ya saba Mama Yustina akanisimamisha, akanipa ufagio.

Yohana alikuja mwanzoni mwa kiangazi, mkataba umekwisha, amevaa koti. Alisimama upande wa pili wa ua. Hakuwa mkatili, hilo nataka lijulikane. Aliuliza kama nitapona, nikasema wanasema hivyo. Aliuliza kama uso utarudi, nikasema sijui. Akaniambia mama yake anamlea Neema vizuri na kwamba mtoto ana maneno mengi. Aliacha sabuni mbili na kitambaa cha kaniki juu ya nguzo, akaenda kuandika mkataba mwingine. Kutoka mkataba huo hakurudi. Baada ya mwaka nilisikia amechukua mwanamke huko huko Tanga. Siku nilipopata habari nilirudi bustanini nikapalilia hadi jioni, na nilipotazama nyuma nikaona nimepalilia matuta matatu vizuri na tuta la nne nimeng'oa njegere zote nikaacha magugu.

Nilitolewa msimu wa tano wa kupanda. Nilipewa karatasi yenye mhuri kwamba siambukizi. Mama Yustina hakutoka nami. Kwao Ipelele hakukuwa na mtu aliyebaki. Aliniambia nisimwandikie, maana hajui kusoma na hataki kusomewa mambo yake na watu. Nikarudi Makambako, na lori la kwanza likanichukua bila kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimejifunga kitambaa hadi kwenye macho.

Mamamkwe alinipokea kwa chakula. Bakuli langu lilikuwa peke yake na nilikula peke yangu, karatasi yenye mhuri nimeiweka mbele yangu kama mjinga. Hakuiomba. Aliniambia amenijengea kibanda mwisho wa shamba, nikakuta kweli amekijenga, kimeezekwa vizuri, mlango wake unatazama uwanja wa nyumba yao.

Neema alikuwa na miaka saba. Alisimama nyuma ya mamamkwe, ameshika nguo yake, akaniamkia vizuri kama anavyomwamkia mgeni. Kisha akamwuliza, "Mama, analala hapa?" Mama aliyeulizwa hakuwa mimi.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, si kwa hilo. Hapo nilisikia. Baada ya miaka mitano ya kutosikia kitu kila nilipomfikiria nilidhani nimesalimika, kumbe kilikuwa kimeningojea nyumbani. Niliingia kibandani nikakaa chini, na asubuhi nikachukua jembe.

Sikumwita. Sikumpa zawadi. Nilifanya kazi mahali anapoweza kuniona. Nilifagia, nililima, nilikoka moto, nilikaa mlangoni nikasuka, nikisimama kila mstari kutazama vidole. Mamamkwe hakumkataza kuja na hakumtuma. Mwezi wa kwanza alinitazama kutoka uwanjani kwao. Wa pili akafika kwenye mti wa mpichi katikati ya shamba. Siku moja aliniuliza kutoka pale kwa nini naangalia vidole sana. Nilimweleza ukweli, kwamba havisikii, kwa hiyo lazima niviangalie. Akafikiri. Akauliza kama hata sisimizi siwasikii. Nikasema hata sisimizi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata alitakiwa kuanza shule, na mwalimu hakupokea mtoto mwenye nywele. Mamamkwe ndiye aliyemnyoa siku zote, lakini macho yake yalikuwa yamefifia, na kichwa cha Neema kilikuwa na makovu madogo madogo kama ramani. Asubuhi ile, siku moja kabla ya shule, nilimwona anavuka shamba, anapita mpichi, anakuja hadi mlangoni. Alikuwa na wembe uliofungwa kwenye karatasi. Hakuna aliyemtuma. Alisema anataka nimnyoe mimi kwa sababu mimi huangalia.

Nilimwambia aketi. Aliketi katikati ya magoti yangu, mgongo wake ukaegemea tumbo langu, na hapo tumboni nasikia vizuri.

"Mikono yangu haitajua ikikukata," nilimwambia. "Wewe ndiye utaniambia."

"Nitasema," alisema.

Nilimlowesha kichwa kwa sabuni. Niliushika wembe kwa vidole vitatu vilivyo hai kidogo na nikauona ukigusa ngozi, nikauvuta, nikasimama, nikatazama. Tena. Jasho lilinidondoka. Uwanjani mamamkwe alikuwa anatwanga, na mahali fulani katikati ya kazi nikagundua kwamba mchi umenyamaza. Sikuinua macho. Jua lilipanda, nywele zikaanguka juu ya miguu yangu, na mtoto hakusema kitu chochote, isipokuwa mara moja aliniambia nisitetemeke, anasikia.

Nilipomaliza alipapasa kichwa chote kwa viganja vyake, polepole, mbele na nyuma na kuzunguka masikio, kisha akavitazama viganja kama vina damu.

"Hujanikata," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Bibi hunikata kila mara."

Alisema bibi. Sijui kama alijua alichokisema. Mamamkwe alijua. Alikuwa amesimama uwanjani mwake na mchi mkononi, na nilimwona akiuegemeza mchi ukutani, polepole sana, akaingia ndani. Alikaa ndani muda. Nilitaka kumfuata na sikuweza, maana Neema alikuwa bado ameniegemea na sikuthubutu kusogea.

Alipotoka alikuwa amebeba blanketi, lile la Yohana la manamba, ambalo mtoto alikuwa anajifunika usiku. Alivuka shamba nalo, akafika mlangoni pangu, akaliweka mapajani mwangu, juu ya nywele. Hakumtazama mtoto.

"Usiku hujifunua," alisema. "Baridi ikizidi, amka umfunike."

Nikamwambia nitaamka.